Mjadala: Wakata kimeo wapelekwe jela au tuwaache?

Fundi Saa wa Buguruni
Wakuu, habari za jioni. Jirani yangu wa chumba cha pili ana mtoto wa miezi saba, kakohoa wiki tatu. Jumamosi bibi yake kaingia kutoka Mkuranga, Jumapili mtoto keshapelekwa kwa fundi, kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kimekatwa. Jumatatu hanyonyi, shuka limelowa damu. Naandika hapa yuko wodini anaongezewa damu. Ukeketaji ulipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1998. Kimeo nacho tunangoja nini? Nataka hoja, sitaki matusi.

Chuma cha Reli
Pole kwa jirani, mtoto atapona. Lakini tusikuze mambo. Mimi nilikatwa nikiwa na miaka miwili, leo nina 41 na sijakohoa tena.

Mama Pacha
Hujakohoa miaka 39? Hata vumbi la Mbagala halijakugusa? Wewe si mtu, wewe ni tenki la maji.

Chuma cha Reli
Dada, usinitanie. Nimesema kikohozi kile. Kile cha kubanja usiku mpaka unatapika.

Nesi Mstaafu
Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi, niseme nilichokiona. Kimeo ni kinyama kila mtu anacho. Koo likiwa na mafua linavimba lote, na kimeo kinavimba nalo. Bibi anamfumbua mtoto mdomo, anakiona kirefu, anasema huyu ndiye mchawi. Kumbe mtoto ana nimonia, au pumu, au kifua kikuu, au nyama za pua makamasi yanamshukia kooni. Kimeo kinakatwa, nimonia inaendelea. Akipona mwenyewe, sifa anachukua fundi. Akizidiwa, analetwa kwetu saa nane usiku, mweupe kama karatasi. Madaktari wa idara ya dharura pale Muhimbili walichapisha utafiti wao kuhusu watoto hawa mwaka 2015, si siri. Tatizo letu ni mama wa darasa la saba, huwezi kumwelewesha.

Mama Pacha
Shikamoo kwanza, maana umesema umestaafu. Sasa: mimi ni mama wa darasa la saba, nimemaliza 1999. Nina watoto wanne na hakuna hata mmoja aliyekatwa kimeo. Jirani yangu ni mwalimu wa sekondari, ana digrii imetundikwa sebuleni, kawakata wote watatu. Hiyo nayo utasema ni darasa la saba?

Mtu wa Maslahi
Nakazia. Wasomi ndio wateja wakubwa. Wanapaki gari mbali na nyumba ya fundi ili wasionekane.

Nesi Mstaafu
Marahaba. Mwanangu, sikukulenga wewe, nimesema kwa ujumla.

Mama Pacha
Kwa ujumla ndiyo mimi huyo. Ndivyo mnavyotusemesha dirishani: "mama, umesoma mpaka wapi?" kabla hamjamtazama mtoto. Fundi wa kimeo haniulizi nimesoma wapi. Anamshika mtoto, ananiambia pole mama. Mnashangaa kwa nini watu wanaenda kwake?

Babu Ngwasuma
Hapa pana pointi. Fundi ana lugha. Hospitali wana dawa.

Chuma cha Reli
Dawa zenyewe unaandikiwa ukanunue nje.

*(Majibu kama thelathini hivi ni ya lugha za manesi, nani alifokewa wapi, na mmoja aliyeombwa aonyeshe cheti cha kuzaliwa cha baba yake.)*

Kidume wa Tandika
Turudi kwenye kimeo. Mnawatukana mafundi wetu, mnajua wazungu nao wanakata kimeo? Kuna daktari anaitwa Fujita, Marekani, mwaka 1981, aliandika upasuaji wa kukata kimeo na nyama laini ya kaakaa kwa watu wanaokoroma. Mpaka leo wanafanya. Wao wakikata ni sayansi, sisi tukikata ni ushenzi. Kaa chini.

Tabibu wa Zamu
Ni kweli wanakata, sitakataa, nasomea ubingwa wa pua, koo na masikio na nimesimama kwenye upasuaji huo. Lakini soma ni nani anayekatwa. Australia walitoa utafiti mwaka 2020, watu wazima 102, wote pumzi zinakatika usingizini na mashine ya kusukuma hewa puani imewashinda. Waliopasuliwa kaakaa na kupunguzwa ulimi walitoka kwenye kukatika kwa pumzi mara 48 hivi kwa saa wakafika 21. Waliotibiwa bila kupasuliwa walitoka 45 wakaishia 34 na kitu. Walilazwa kwa nusu kaputi, walipimwa usingizi kabla na baada. Mtoto wa miezi saba mwenye mafua anaingiaje hapo?

Kidume wa Tandika
Kwa hiyo unakubali kwamba wanakata.

Tabibu wa Zamu
Nimekubali kwenye sentensi ya kwanza kabisa.

Kidume wa Tandika
Asante. Nimemaliza.

Mama Pacha
Tabibu, usimjibu huyo, njoo kwangu. Wangu wa mwisho ana miaka mitano, anakoroma kama trekta, analala mdomo wazi, kichwa kakirudisha nyuma. Nimeambiwa ana nyama za pua na mafindofindo, vyote vitolewe. Sasa mtu mmoja kazini kaniambia Marekani wamegundua upasuaji huo hausaidii kitu. Nimekaa na karatasi ya rufaa tangu mwezi uliopita.

Tabibu wa Zamu
Huyo alisoma nusu. Utafiti ni wa mwaka 2013, watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 ambao pumzi zinakatika usingizini. Nusu walipasuliwa mapema, nusu wakasubiri wakiangaliwa. Baada ya miezi saba, kwenye mtihani wa umakini hakukuwa na tofauti. Hapo ndipo rafiki yako alipofunga gazeti. Lakini usingizi wenyewe ulipopimwa, asilimia 79 ya waliopasuliwa walikuwa sawa, na waliosubiri asilimia 46. Tabia na hali ya maisha vilikuwa bora kwa waliopasuliwa. Mwaka 2023 ukatoka mwingine, watoto 459 wenye tatizo dogo zaidi, kukoroma tu bila pumzi kukatika sana. Jibu likafanana: umakini haukubadilika, lakini usingizi na tabia viliimarika, na hata presha ya damu ilikuwa nzuri kidogo.

Mama Pacha
Kwa hiyo nimpeleke au nisubiri?

Tabibu wa Zamu
Siwezi kumtibu mtoto nisiyemwona. Ila angalia takwimu kwa jicho la pili: karibu nusu ya waliosubiri walikaa sawa wenyewe. Kama anasimamisha pumzi kisha anashtuka kama anayezama, usikae na hiyo rufaa. Mrekodi video akiwa amelala, daktari atakushukuru.

Nesi Mstaafu
Na akipasuliwa, uliza dawa ya maumivu ni ipi. Kodeini asipewe. Wamarekani waliikataza kwa watoto waliotolewa mafindofindo mwaka 2013. Kuna watoto miili yao inaigeuza kuwa mofini haraka mno, pumzi zinazimika.

Mama Pacha
Asante mama. Hiyo ndiyo lugha ninayoitaka.

Babu Ngwasuma
Na sisi wazee tunaosumbuliwa na mafindofindo kila mwezi?

Tabibu wa Zamu
Uingereza walilichunguza hilo, wakachapisha 2023. Watu wazima 453. Waliotolewa mafindofindo waliumwa koo siku 23 ndani ya miaka miwili, waliobaki nayo siku 30.

Babu Ngwasuma
Siku saba! Nichanwe koo kwa ajili ya siku saba?

Tabibu wa Zamu
Hizo ni za katikati mzee, kuna waliopata nafuu kubwa zaidi. Na hakuna anayekukata kwa kuumwa koo mara moja. Kigezo tunachofundishwa ni mara saba ndani ya mwaka, au tano kila mwaka kwa miaka miwili, au tatu kila mwaka kwa mitatu. Na ndiyo, damu ipo: karibu mmoja kati ya watano waliopasuliwa alitokwa na damu baadaye.

Chuma cha Reli
HAYA SASA. Mmoja kati ya watano! Hospitali ya Uingereza, taa, gloves, digrii, na damu inatoka. Fundi wa Mkuranga mnataka afungwe.

Tabibu wa Zamu
Wa Uingereza alijua siku gani aangalie, na damu ikitoka kuna mahali pa kukimbilia. Na tumehesabu. Fundi wako amehesabu wapi? Wanaovuja anakuja kuwaona nani?

Chuma cha Reli
Wangu hajawahi kupoteza mtoto.

Nesi Mstaafu
Hajawahi kwa sababu wanakuja kufia kwetu. Daftari linasomeka wodini, kwake panasomeka sifuri.

Fundi Saa wa Buguruni
Jamani, niliuliza kuhusu JELA.

Mturu Halisi
Mleta mada, nikujibu mimi, maana kwetu Singida tumeliona. Baada ya sheria ya 1998 watu hawakuacha kukeketa, walishusha umri. Wakawa wanakeketa vichanga, kwa siri, wakisema ni dawa ya lawalawa, maradhi ya sehemu za siri. Yaani mila iligeuzwa kuwa matibabu ili ipite. Kimeo tayari ni matibabu. Ukimtia fundi jela, mtoto wa jirani yako akivuja damu bibi hatamleta hospitali, atamfungia chumbani, kwa sababu anaogopa polisi. Mimi ningeanza na Sheria ya Tiba Asili ya 2002: mafundi waandikishwe, waambiwe wazi kisu hakuna, na akileta mtoto anayekohoa kituoni apewe hata nauli.

Kidume wa Tandika
Apewe nauli! Wanyaturu mmeshaanza kutafuta posho.

Mturu Halisi
Unaona? Nimeandika aya nzima umeona nauli.

Kidume wa Tandika
Nimeona na kabila.

Mtu wa Maslahi
Naomba niulize kitu kidogo, nimekuwa nikikifikiria tangu ukurasa wa kwanza. Kwa nini simu mbovu tunaiita kimeo? Gari kimeo, mchumba kimeo. Kinyama cha watu kimekosea nini?

Mwana wa Kisauni
Nyinyi wabara mwakosea toka mwanzo. Huku Mombasa twasema kimio. Kimeo ni chenu.

Babu Ngwasuma
Kimeo ni Kiswahili sanifu, mwanangu. Usituletee lahaja.

Mwana wa Kisauni
Kamusi zaandika zote mbili, babu, na lahaja ndiyo iliyozaa hicho sanifu chako. Kimio.

Chuma cha Reli
Kimeo. Nilikatwa kimeo, sikukatwa kimio. Ningejua.

*(Kurasa mbili.)*

Fundi Saa wa Buguruni
Narudi na taarifa kwa wachache waliouliza. Mtoto ameongezewa damu, ananyonya, tangu jana hajavuja. Wakampiga picha ya kifua, wakakuta nimonia, ile ile aliyosema nesi. Anachomwa sindano. Mama yake analia, baba yake hasemi. Bibi bado yuko hapa uani. Asubuhi alimwita binti yangu, akamshika kidevu, akamwambia afumbue mdomo. Akaniambia, "Huyu naye chake kirefu." Nimekosa cha kumjibu, kwa sababu ni mtu mzima na alikuwa ameniletea muhogo.

Mama Pacha
Kula muhogo, mfungie mtoto ndani. Video ya wangu nimeipiga usiku wa kuamkia leo, tabibu, nikutumie wapi?

Tabibu wa Zamu
Usinitumie mimi, mwonyeshe aliyekupa rufaa. Na iwe ndefu, dakika mbili angalau.

Mwana wa Kisauni
Nimeitazama tena kamusi. Kimio ipo. Babu, uko wapi?