Vuli yaja, nipande mboga gani nyuma ya nyumba Kisauni?

mkaa_kisauni
Habarini jamani. Nna kijisehemu nyuma ya nyumba huku Kisauni, Mombasa, udongo wenyewe mchanga mtupu na ukichimba kidogo tu jembe lagonga mawe ya matumbawe. Maji ni ya kisima, yana chumvi chumvi. Sasa Oktoba ndo hii na vuli yakaribia, nataka sukuma wiki, mchicha na nyanya za kula nyumbani, watoto wapate mboga isopigwa madawa. Nianze saa hizi ama ningoje mvua? Na huo mchanga niufanyeje maana nikimwagilia maji yapotea hapo hapo.

bi_mchunga
Usingoje mvua ndugu yangu, tengeneza matuta saa hizi ili ikikamata mbegu zishakuwa chini. Mchanga wataka kulishwa tu. Tafuta samadi ya mbuzi au ng'ombe iloza sawasawa, ile ukiifikicha mkononi yavunjika na hainuki, uchanganye kwa wingi usifanye choyo. Ya kuku mbichi usitie, yaunguza miche. Mawe yakiwa karibu usijichoshe, panda kwa magunia au ndoo zilotobolewa chini. Kisha funika udongo kwa majani makavu au makuti yalochakaa, kwa sababu kaskazi ikianza Disemba lile jua halina huruma.

Sukuma ni mboga ya baridi, huku yaota lakini joto likizidi majani yawa magumu na wadudu hawabanduki, kwa hivyo ipe pahali penye kivuli cha alasiri. Mie ningeanza na mchicha, kunde na bamia. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, changanya na mchanga mkavu ndo unyunyize zisirundikane, wiki tatu nne washachuma. Kunde majani yachumwa huku wangojea mbegu. Bamia miezi miwili hivi, na joto yalipenda.

changamwe_mtoto
Hapo kwa maji niongeze. Maharagwe, karoti na vitunguu havistahimili chumvi, achana navyo kama kisima ndo tegemeo. Spinachi yavumilia zaidi, nyanya iko katikati. Mwagilia shinani usirushie majani, na maji yawe mengi yazame, ukinyunyiza kidogo kidogo chumvi yabaki pale pale kwenye mizizi. Weka pipa chini ya mabati ukinge ya mvua, hayo ndo ya miche michanga. Nyanya zisimamishe kwa fito na ukate majani ya chini yanayogusa udongo, mvua ikishika ugonjwa waanzia hapo.

mkaa_kisauni
Ahsanteni sana wallahi. Na wale vidukari weusi wa kunde mwawafanyeje bila dawa ya dukani?

bi_mchunga
Twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo. Pulizia jioni jua likishazama, na uinue majani upulizie chini yake maana ndiko wanakojificha. Rudia mvua ikishaosha.

mkaa_kisauni
Sawa, Jumamosi naanza na mchicha na kunde, samadi ntaomba kwa jirani mwenye mbuzi. Nyanya ntasia kwenye ndoo.

bi_mchunga
Kama kona itabaki tia mchunga, ile mboga ya majani machungu. Hautaki kubembelezwa, na ukiupika kwa tui zito hata watoto waula.