Tupeane uzoefu: mlilipaje chuo Marekani bila mkopo wa serikali yao?

Mzazi, Arusha
Ndugu zangu, binti yangu alimaliza kidato cha sita mwaka 2023 akapata udahili katika chuo kimoja cha Marekani. Tulichinja mbuzi siku barua ilipofika, na hesabu tukaifanya baadaye. Kwa kuhofia kwamba kuomba ufadhili kungempunguzia nafasi, tulikuwa tumejaza kwenye fomu kwamba hatuhitaji msaada, na tulipoandika kuomba tukajibiwa kwamba mwanafunzi wa kigeni asiyeomba tangu mwanzo hafikiriwi tena. Ili apewe fomu ya I-20, ile ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni aombee viza, ilitubidi tuonyeshe fedha za kutosha gharama zote za mwaka wa kwanza: ada, malazi, chakula, vitabu na bima ya afya. Hatukuwa nazo, nafasi ikapotea. Alipoomba upya alieleza hali yetu kama ilivyo, na chuo kingine kikabeba sehemu kubwa. Sisi tulilipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni, dola 185 za ombi la viza, pamoja na nauli. Naomba waliotangulia watueleze walivyovuka mwaka wa pili, maana huko ndiko tunakoelekea.

Mhitimu, Kisumu
Pole sana, mama. Mwaka wangu wa kwanza ulilipwa na harambee, na nitawashukuru watu wale maisha yangu yote, lakini harambee haifanywi kila mwaka. Nilitegemea kazi ya maktaba ya chuo, nikagundua kwamba mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, haruhusiwi kufanya kazi kuzidi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, na mshahara ule ulinunua chakula tu. Nikataka kupunguza masomo ili ada ishuke. Nikaelezwa kwamba nikishuka chini ya krediti 12 (vipimo vya masomo) kwa muhula bila idhini ninapoteza hadhi yangu ya uanafunzi. Kilichoniokoa ni kuhamia chuo cha jamii, yaani chuo cha miaka miwili chenye ada nafuu, rekodi yangu ya SEVIS ikahamishwa kwa utaratibu, kisha nikarudi chuo kikuu nikiwa na krediti zangu. Mwambie binti aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla deni halijafika, wala asingoje barua ya onyo.

Dada, California
Mimi nililetwa huku nikiwa na miaka tisa, na viza ya familia ikaisha tukiwa hapa. Hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1982, Plyler dhidi ya Doe, inayozuia shule za umma kuwakataa watoto wasio na vibali, ilinilinda hadi sekondari, lakini haihusu chuo. Misaada ya serikali kuu sikustahili. Kilichonifungulia mlango ni sheria ya jimbo ya mwaka 2001, AB 540, iliyoniwezesha kulipa ada ya mkazi kwa kuwa nilisoma sekondari hapa miaka mitatu na kuhitimu. Miaka miwili nilikaa kimya kwa hofu, nikalipa ada ya mgeni ambayo sikupaswa kulipa. Inaniuma hadi leo, ndiyo maana naandika.

Mzazi, Arusha
Asante, mwanangu, na asante, dada. Usiku huu nimempigia binti. Kesho asubuhi anakwenda ofisi hiyo kuuliza kama ufadhili wake hubaki pale pale ada inapopanda, swali ambalo hatukuwahi kuliuliza.