Darubini za "30x60" zinazouzwa Kariakoo ni uongo mtupu: chukueni rula mpime wenyewe

Wanajukwaa, heshima kwenu nyote. Nimesita kwa muda wa wiki tatu kabla ya kufungua uzi huu, kwa sababu sikutaka kuandika nikiwa na hasira peke yake bila ushahidi mkononi. Sasa ushahidi ninao, na hasira haijapungua hata kidogo.

Mwezi wa Oktoba nilinunua darubini ndogo ya macho mawili, ile ambayo mtaani wengi huiita bainokula, katika duka moja la Kariakoo ambalo sitalitaja jina. Nililipa shilingi 85,000. Nilikuwa natafuta chombo chepesi, cha bei ya wastani, ili mimi na binti yangu mwenye umri wa miaka 11 tuwe tunatazama ndege siku za Jumamosi asubuhi kwenye mashamba ya chumvi ya Kunduchi, ambako si mbali na nyumbani kwetu Tegeta. Kuanzia Septemba hadi Aprili pwani yetu hupokea ndege wengi wanaohama kutoka Ulaya na Asia, na maji yanapokupwa mtu hujionea makundi ya vitwitwi wakikimbia kwenye matope, sululu wenye midomo mirefu iliyopindia chini, membe na yangeyange. Mtoto anayekulia Dar es Salaam huamka na kunguru wa Bara Hindi na kulala na kunguru wa Bara Hindi, ndege ambaye aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na baadaye akaenea pwani yote. Nilitaka binti yangu ajue kwamba mji huu una ndege wengine.

Boksi lilikuwa limeandikwa "30x60" kwa maandishi makubwa, na chini yake likadai kwamba darubini hiyo inaona mchana na usiku. Lenzi zake zilimetameta kwa rangi nyekundu kama taa ya breki. Nilipoomba kuifungua niijaribu pale mlangoni, kijana aliyekuwa kaunta alinijibu, "Mzee wangu, ukishafungua boksi umenunua." Nikalipa. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalolilalamikia, kwa sababu hakuna mtu anayenunua viatu bila kuvijaribu, wala miwani bila kuivaa, lakini chombo ambacho kazi yake yote ni kuona, tunauziwa kikiwa kimefungwa kwa nailoni.

Jumamosi ya kwanza binti yangu aliizungusha, akairekebisha, akaitoa machoni, akairudisha, kisha akasema, "Baba, naona ndege wawili wawili, halafu kichwa kinauma." Nilimwambia ajaribu tena taratibu. Jumamosi ya pili nilimwambia hivyo hivyo. Jumamosi ya tatu hakutaka hata kuishika, na usiku wake alimuuliza mama yake kama macho yake yameharibika. Tulimpeleka kupima macho, tukalipia vipimo, na majibu yakasema kwamba macho yake ni mazima kabisa. Naomba mlielewe hili vizuri: mtoto alikaa karibu mwezi mzima akiamini kwamba kasoro iko mwilini mwake, wakati kasoro ilikuwa kwenye bidhaa niliyomnunulia kwa fedha yangu.

Jirani yetu, mwalimu mstaafu ambaye amekuwa akitazama ndege tangu ujana wake, ndiye aliyetuazima darubini yake ya zamani. Imeandikwa 8x32 tu, kwa herufi ndogo ambazo zimeshaanza kufutika. Binti yangu aliielekeza kwenye kigingi kilichosimama pembeni ya maji, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema polepole, "Baba, kumbe mdiria ana mdomo mwekundu." Siku hiyo nilirudi nyumbani nikatafuta rula.

Kwa wale ambao hawajui maana ya namba hizi, na mimi mwenyewe nilikuwa sijui, namba ya kwanza hueleza darubini inakuza mara ngapi, na ya pili hueleza kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Kwa hiyo 8x32 hukuza mara 8, na lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 32. Darubini yangu inayodai kuwa 30x60 ingepaswa kuwa na lenzi za milimita 60, yaani sentimita 6 kamili kila moja, na lenzi mbili za namna hiyo zikiwekwa ubavu kwa ubavu zinachukua sentimita 12 kabla hujahesabu fremu. Darubini nzima niliyouziwa ina upana wa sentimita 10. Nilipopima lenzi yenyewe, nilipata milimita 22. Ikumbukwe kwamba mwanga unaokusanywa hutegemea eneo la lenzi, kwa hiyo lenzi ya milimita 60 ingekusanya zaidi ya mara saba ya mwanga unaoingia kwenye hii ya 22. Huku si kukosea kidogo.

Namba ya kwanza nayo inapimika. Elekeza darubini kwenye ukuta mweupe au anga lenye mwanga (kamwe usiielekeze kwenye jua, itakupofusha), ishike mbali nawe kwa urefu wa mkono, na utaona kiduara cheupe kwenye lenzi ya upande wa macho. Pima kiduara hicho, kisha gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa kipimo ulichopata, na jibu ndilo idadi ya mara ambazo darubini inakuza. Kiduara changu kina milimita 3 kasoro kidogo. Ukigawanya 22 kwa hiyo unapata takriban 8. Hivyo basi, kile nilichouziwa kama 30x60 kwa kweli ni 8x22, na kama kingeandikwa hivyo na kuuzwa kwa bei yake, nisingekuwa na neno juu ya namba.

Boksi lenyewe linajisaliti kwa mwenye kulisoma vizuri. Ubavuni limeandikwa kwamba mtu ataona upana wa mita 126 kwa umbali wa mita 1,000. Kipimo hicho kinafanana na cha darubini inayokuza mara 8 hivi. Vyombo vinavyokuza mara 30 kweli, hata vile vya bei kubwa ambavyo huwekwa juu ya stendi ya miguu mitatu, huonyesha upana wa kama mita 40 hivi kwa umbali huo huo, kwa kuwa kadiri unavyokuza ndivyo sehemu unayoiona inavyopungua. Aliyechapa boksi hilo ameandika ukweli upande mmoja na uongo upande mwingine, akitegemea kwamba mnunuzi hatazilinganisha pande hizo mbili.

Kuhusu kuona usiku, nitasema kwa ufupi kwa sababu ni dhahiri. Chombo hakina betri wala sehemu yoyote ya umeme, na lenzi zake ni ndogo, kwa hiyo hakiwezi kuona usiku kuliko darubini nyingine yoyote ya milimita 22, ambayo ikifika magharibi huwa imeshachoka. Ule wekundu wa lenzi, ambao wauzaji wengine huwaambia wateja kwamba ndio "infraredi" ya kuonea gizani, ni rangi iliyopakwa inayorudisha nje mwanga mwekundu usiingie ndani, na matokeo yake picha hugeuka kuwa na ukijanibluu. Fikirieni mtu anayejaribu kumtambua ndege aitwaye chozi kwa wekundu wa kifua chake, huku chombo alichoshika kimeundwa kuutupa huo wekundu nje. Rangi nzuri za kupaka lenzi huwa na kivuli hafifu cha kijani au zambarau ukiitazama kwa ubavu, na huruhusu mwanga upite.

Sasa nije kwenye maumivu ya kichwa, kwa sababu hili ndilo lililomuumiza mtoto wangu na ndilo ambalo watu wengi hulipuuza. Ndani ya kila bomba la darubini mna vipande vya kioo viitwavyo prizimu, ambavyo huigeuza picha isimame wima. Mabomba mawili yakiwa hayajanyooshwa sawasawa, au prizimu zikiwa zimegandishwa kwa gundi duni na kuhama kidogo, kila jicho hupelekewa picha yake na ubongo hulazimika kuzivuta picha hizo pamoja. Mtu mzima huweza kuvumilia kwa dakika chache, kisha huhisi uzito nyuma ya macho. Mtoto huona ndege wawili. Kipimo chake ni rahisi: tazama waya wa umeme au ukingo wa paa ulio mbali, na kama mstari unakuwa miwili, au unaona macho yako yanavutwa mpaka picha ziungane, irudishe darubini hiyo hapo hapo. Hakuna gurudumu la kulenga litakaloitengeneza.

Nilirudi dukani nikiwa na darubini, risiti na rula. Nilipima mbele yao. Kijana aliangalia, akamwita mkubwa wake, na mkubwa wake akaniambia kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na kwamba "hizo namba ni za modeli tu, mzee, si vipimo." Nimeiandika kauli hiyo jinsi ilivyosemwa. Kama 60 ni jina la modeli, kwa nini bei ya iliyoandikwa 30x60 ilikuwa juu kuliko ya iliyoandikwa 10x25 kwenye kabati lile lile?

Yale maandishi ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" yanayobandikwa ukutani hayafuti sheria za nchi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa. Ninaandaa malalamiko ya maandishi kwenda Tume ya Ushindani, nikiambatanisha picha ya boksi, picha ya lenzi ikiwa na rula juu yake, na nakala ya risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Kasoro moja iliyomo kwenye ushahidi wangu ni kwamba risiti imeandikwa "binocular" tu bila namba. Mtakaonunua, simameni hapo kaunta mpaka namba za boksi ziandikwe kwenye risiti, na muuzaji akikataa kuziandika mtakuwa mmepata jibu kabla ya kutoa fedha.

Nina neno pia kwa baadhi yetu humu. Kabla ya kununua nilisoma ushauri mwingi uliosema, "chukua yenye namba kubwa, utaona mbali zaidi." Ushauri huo ulinipotosha na utawapotosha wengine. Darubini inayoshikwa kwa mkono ikikuza zaidi ya mara 10, mtetemo wa mikono nao hukuzwa, na ndege aliyetulia huonekana anacheza. Kwa anayeanza, kukuza mara 8 kunatosha kabisa. Mwenye kutaka ya kuingia mfukoni atafute 8x25 ya kweli, na mwenye kuvumilia uzito kidogo atafute 8x32, ambayo alfajiri na jioni, wakati ndege wanapochangamka, hutoa picha yenye mwanga zaidi kwa kuwa kiduara chake ni milimita 4 badala ya 3. Mimi ningechagua hiyo ya pili hata kama ni ya mtumba, ilimradi mtu amulike ndani kwa tochi ya simu na kuhakikisha hakuna utando wa kuvu, ambao kwa unyevunyevu wa mji wetu huota haraka kwenye lenzi zilizofungiwa kabatini. Wanaovaa miwani waulize pia umbali wa jicho kutoka kwenye lenzi. Ukiwa chini ya milimita 15 wataona kitundu tu katikati. Kwa mtoto, hakikisheni mabomba yanakunjika kukaribiana vya kutosha, kwa sababu macho yake yako karibu kuliko ya mtu mzima.

Ombi langu ni hili. Yeyote aliyenunua darubini iliyoandikwa 20x50, 30x60, 40x60 au namba nyingine za namna hiyo hapa Dar es Salaam, aipime leo na aandike hapa chini namba iliyochapwa kwenye boksi, kipenyo halisi cha lenzi, kipimo cha kiduara na bei aliyolipa, bila kutaja jina la duka. Nitaviambatanisha vipimo vyenu kwenye malalamiko yangu. Na kama kuna anayejua duka ambalo humruhusu mteja kufungua boksi na kutoka nalo mpaka barabarani atazame kabla ya kulipa, tafadhali anitumie ujumbe wa faragha, kwa maana darubini ya mwalimu inabidi irudi kwa mwenyewe mwisho wa mwezi, na binti yangu ameshaanza kuniuliza Jumamosi inayofuata tutatumia nini.