Mguu wa stendraivu Tanga: niufufue, ninunue wa mtumba, au nihamie autibodi?

Kasa_Raskazone
Habari zenu wakuu. Nina boti ya faiba futi 21, stendraivu ya zamani, yaani injini imo ndani na mguu wenye pangaboi uko nje nyuma. Wikiendi naenda nayo kisiwa cha Toten, mara mojamoja kisiwa cha Maziwe. Siku hizi nikirudisha gia fri injini inazima, na nikikata kona kuna mngurumo nyuma. Fundi kasema mguu umekufa. Kuukarabati ananiambia milioni 4, mguu wa mtumba kutoka Dubai milioni 7, au ning'oe kila kitu nifunge autibodi, injini ya kuning'inia nje. Hela ninayo ila ni ya kuchagua kimoja tu. Nishaurini.

Chumbageni78
Mkuu, umetutajia futi na matembezi, mashine hujaitaja. MerCruiser? Volvo? OMC? Ya mwaka gani, silinda ngapi? Boti inalala majini au unaipandisha? Oili ya gia ilitoka na rangi gani? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Mzee wa Ngalawa
Kama ni OMC Cobra ng'oa leo. Kampuni ilifilisika mwaka 2000, spea utazitafuta mpaka uzeeke kama mimi.

Kasa_Raskazone
Shikamoo mzee. Ni MerCruiser, 4.3 V6, mguu wake ni Alpha One ya 1988. Inalala majini Sahare. Oili aliimwaga fundi, mimi sikuwepo.

Chumbageni78
Aliimwaga na hakukuonyesha? Haya. Alpha kuzima unapotoa gia, mshtakiwa wa kwanza ni kebo ya gia ya chini, ile inayoingia mguuni. Kuna swichi inakata moto wa plagi kidogo tu ili gia ichomoke. Kebo ikiwa nzito kwa kutu, swichi inachelewa kuachia, injini inazima. Mngurumo wa kwenye kona ni beringi ya gimbali, ile inayoshika shafti inayoingia mguuni, au krosi, kiungo kinachoiruhusu shafti kupinda. Hivyo vyote vinabadilishwa na mguu wako ukabaki uleule. Weka oili mpya, tembea kidogo, ifungulie. Ikitoka kama chai ya maziwa, maji yanaingia: mguu ushushwe, ujazwe upepo kidogo, upakwe povu la sabuni, uone ni sili ipi inavuja. Milioni 7 baadaye.

Penta_Damu
Ndiyo maana mimi Volvo tu. Aquamatic, stendraivu yao, ipo tangu 1959, gia yake ya koni, hakuna habari ya kuzimazima. Ukipata Duoprop, pangaboi mbili zinazunguka kinyume, boti inanyooka yenyewe.

Chumbageni78
Kaka, mleta mada ana Merc. Kuhamia Volvo ni kukata tundu jingine kwenye ukuta wa tezi, huko nyuma ya boti. Hiyo milioni utamchangia wewe?

Mama Nahodha
Mwanangu Kasa, nisome taratibu. Boti yetu ilikuwa Alpha hiyohiyo, inalala Mwambani, ikaanza mngurumo huohuo. Beringi ile huuliwa na maji, na maji hupita kwenye buti, ule mpira wa mikunjo unaofunika krosi. Fundi akabadili beringi, lakini buti akairudisha ya zamani, akaipaka silikoni na kuibana kwa klipu za gari. Klipu ya gari kwenye maji ya chumvi haimalizi kusi! Boti ikanyamaza, tukafurahi, tukalipa. Kumbe mpira unachomoka upande wa chini, maji yanajipenyeza mpaka ngamani. Pampu ikayatoa usiku kucha, betri ikaisha. Alfajiri mlinzi anapiga simu, "Mama, boti imekaa vibaya." Kufika, tezi imezama, omo linaangalia mbingu, mito ya viti imenasa kwenye mikoko. Tukangoja maji yakupwe, vijana wakafua kwa ndoo. Stata na altaneta havikufufuka. Fundi anasema eti ni bamvua. Bamvua ndilo lililofungua klipu? Mpaka leo akiniona anavuka barabara.
Ukarabati au ununue, buti zote ziwe mpya, na ya moshi pia, klipu za chuma kisichoshika kutu. Na usilaze boti mguu umeinuliwa, mpira unabaki umevutika.

Sahare Boy
Mama kwa heshima zote, ukiushusha huku kwetu chaza wanajenga mtaa. Mimi nainua, halafu mguu mzima nimeupaka ile rangi nyekundu ya chini ya boti.

Chumbageni78
Yenye shaba? Kwenye alumini? Utaoza huo mguu. Shaba na alumini ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Tafuta rangi isiyo na shaba, na zinki, vile vipande vinavyoliwa badala ya mguu, zibadilishwe zikifika nusu.

Sahare Boy
Mwaka wa pili huu na upo.

Chumbageni78
Kwangua uone.

Mzee wa Ngalawa
Kasa, ukinunua mtumba tazama namba ya uwiano wa gia juu ya mguu. V6 yako ni 1.84. Wakikuletea 1.98 ni ya silinda nne, 1.50 ni ya V8. Na kipande cha juu cha Alpha ya toleo la kwanza, Gen I, hakikai kwenye cha chini cha toleo la pili, Gen II, zilizoanza 1991. Wauzaji huunganisha maneno, si vyuma. Mimi ningefunga autibodi ya Yamaha tu, kila kijiji mpaka Pangani kuna fundi wake.

Penta_Damu
Autibodi kwenye boti hiyo si kupachika tu mzee. Ile V6 na mguu ni karibu kilo 400, ukizitoa boti inakaa tofauti, tundu lizibwe, na mbao za ndani ya ukuta zikiwa zimelowa ndiyo umeanza kujenga boti upya. Gonga kwa nyundo kwanza, ikilia bubu sahau.

Kasa_Raskazone
Nimegonga. Upande wa kulia sauti safi, wa kushoto sielewi.

Mama Nahodha
Huelewi ndiyo jibu.

Ngamiani Mashine
Ukiing'oa hiyo V6 niuzie, nina mashine ya kukoboa haina injini.

Mzee wa Ngalawa
V6 ya petroli ikoboe mahindi? Utauza mashine kulipia mafuta.