Siku 4 za mlima, mto na kamba kwa watu 14 wa ofisini: ratiba hii inakaa sawa?

MkaaMezani

Wakuu, naomba mnikosolee kabla sijaipeleka kwa mkuu wa idara. Tuko 14, umri miaka 26 hadi 58. Wengi mazoezi yao ni kutoka kwenye gari hadi kwenye lifti. Zimebaki wiki 8.

Alhamisi: kufika saa 3 asubuhi, saa 4 kuanza mlima. Kilomita 16 kwenda na kurudi, kupanda mita 1,100, kilele mita 2,300.
Ijumaa: kushuka mto kwa boti la mpira la kujazwa upepo, maji ya ugumu wa daraja la 3, na kipande kimoja cha daraja la 4.
Jumamosi: kushuka mwamba wa mita 40 kwa kamba, kuteleza kwenye waya, na banji (kuruka kutoka juu ukiwa umefungwa kamba inayovutika) kwa wanaotaka.
Jumapili: kurudi.

Nimeweka mlima mwanzoni ili watu wautumie wakiwa bado na nguvu. Maswali: mpangilio uko sawa? Wajiandaeje? Na nini huwa kinaharibika?

---

Fundi_Kamba

Mkuu, ratiba umeivaa nyuma mbele. Wazo la "wakiwa bado na nguvu" linasikika vizuri, lakini linasahau kwamba aliyepanda lazima ashuke.

Kupanda kunachosha mapafu, na mapafu yanapumzika kwa usiku mmoja. Kushuka kunachosha misuli ya mbele ya paja kwa namna nyingine kabisa: inafanya kazi ya breki, yaani inajikaza huku inarefushwa na uzito wa mwili. Nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo. Siku ileile mtu hasikii kitu, anacheka na kupiga picha. Maumivu yanaanza kesho yake na kilele chake ni kati ya saa 24 na 72. Tena si maumivu tu, hata nguvu yenyewe ya misuli inapungua.

Sasa hesabu kwa ratiba yako. Ijumaa wanatakiwa kujikaza kwa mapaja wasirushwe nje ya boti. Jumamosi wanatakiwa kusimama ukutani wakiwa wameegemea nyuma, mzigo wote ukiwa kwenye mapaja hayohayo. Utakuwa na watu 14 wanaoshuka ngazi za nyumba ya wageni kinyumenyume.

Na saa ulizoweka hazitoshi. Tumia kanuni ya Naismith, Mskoti aliyeitunga mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 16 ni saa 3 na dakika 12, mita 1,100 ni saa 1 na dakika 50. Jumla saa 5 na ushei, bila kupumzika, kwa mtu mwenye mazoezi. Kundi la wageni wa mlima lizidishie nusu, unapata saa 7 na nusu. Ongeza saa nzima ya kula na kusubiriana. Mkianza saa 4 asubuhi mnafika chini saa 12 na nusu jioni, na sehemu mbovu ya njia mtaishuka kwenye mwanga hafifu, miguu ikitetemeka. Mkianza saa 12 asubuhi mnamaliza saa 8 na nusu mchana, kabla ya ngurumo za alasiri.

Mimi ningepanga hivi: Alhamisi kamba, Ijumaa mto, Jumamosi mlima, Jumapili kurudi. Mabega yatauma kidogo kwa kupiga kafi, lakini mlima haupandwi kwa mabega. Maumivu ya mapaja yatawakuta Jumapili na Jumatatu wakiwa kwenye viti, mahali ambapo mapaja hayana kazi.

---

NgaziZaNyuma

Naunga mkono, ila kuna tatizo moja: mlima Jumamosi hauna siku ya akiba. Hali ya hewa ikichafuka hamna pa kuuhamishia. Acheni Ijumaa na Jumamosi ziwe za kubadilishana, na uamuzi ufanyike Alhamisi usiku baada ya kuangalia utabiri. Mkubaliane mapema na waongozaji wa sehemu zote mbili, maana wengi wanataka kujulishwa siku moja kabla. Na dereva wa Jumapili asiwe mmoja wa waliopanda mlima Jumamosi.

Kuhusu mazoezi. Ushauri wa kila siku kwa watu wa ofisini ni "acha lifti, panda ngazi". Kwa safari hii geuza: panda kwa lifti, shuka kwa miguu. Misuli iliyowahi kushushwa mlima hata mara chache inavumilia sana safari inayofuata, na kinga hiyo inakaa kwa wiki kadhaa. Ndiyo mazoezi ya bei nafuu kuliko yote.

Ghorofa moja ni kama mita 3. Wiki ya 1 na ya 2, shuka jumla ya ghorofa 10 kwa siku, mara mbili kwa wiki. Usiruke siku ya katikati ya kupumzika, kwa sababu mara ya kwanza wataumia hata kwa hizo 10. Wiki ya 3 na ya 4, ghorofa 30. Wiki ya 5 hadi ya 7, ghorofa 60 ukiwa na begi la kilo 5 mgongoni. Wiki ya 8 usifanye kitu kigumu, tembea tu. Anayefanya mazoezi makali siku 3 kabla ya safari anakuja na maumivu yake kutoka nyumbani.

Jengo ni fupi? Simama kwenye kidato cha sentimita 20, shusha mguu mmoja taratibu ukihesabu hadi 3 mpaka kisigino kiguse chini, urudi. Mara 10 kila mguu, mizunguko 3. Goti liangalie kwenye usawa wa vidole vya mguu, lisilalie ndani. Uchovu ndani ya nyama ya paja ni sawa. Maumivu makali chini ya kifuniko cha goti si sawa, punguza kimo cha kidato.

Mapafu ni rahisi zaidi: dakika 45 za kutembea haraka mara 3 kwa wiki, kwa mwendo ambao mtu anaweza kuongea sentensi nzima lakini hawezi kuimba.

Viatu sasa. Vinunuliwe wiki 6 kabla, jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa umevaa soksi zilezile za safari. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, la sivyo wakati wa kushuka kucha zinagonga mbele na kuwa nyeusi. Kucha zikatwe siku 3 kabla, zinyooke. Kabla ya kuanza kushuka, watu wasimame na kukaza upya kamba za viatu kwenye kifundo ili kisigino kisisogee. Dakika 2 tu, na karibu kila kundi linazisahau.

Yule mwenye buti nzuri zilizokaa kabatini miaka 8 ndiye wa kumwangalia zaidi. Povu la ndani ya soli nyingi linaoza kwa unyevu wa hewa hata kiatu kisipovaliwa. Linaonekana zima, halafu soli inabanduka yote kilomita ya 5. Bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha: ukiona nyufa au unga, kiatu hicho kimekwisha.

Malengelenge yanatokana na joto, unyevu na msuguano. Mtu akisikia sehemu inawaka, mnasimama palepale na kubandika tepu. Mkisema "tukifika kwenye kivuli kile", ngozi imeshainuka. Soksi za pamba hazifai, zinashika jasho. Sufu au nailoni.

---

MajiMeupe

Nichangie ya mto.

Madaraja ya ugumu wa mito ni 1 hadi 6, la 6 ndilo gumu kuliko yote. La 3 kwa wageni wenye mwongozaji mzuri ni sawa. Hicho kipande cha daraja la 4 ulizia kitu kimoja: kinaweza kupitwa kwa miguu ukingoni? Kama jibu ni ndiyo, asiyetaka anashuka na kutembea, hakuna aibu. Kama hakipitiki, tafuta sehemu nyingine ya mto, kwa sababu kwenye daraja la 4 aliyeanguka mara nyingi hawezi kujiokoa mwenyewe.

Kwa watu 14 mtakuwa na maboti 2, na hiyo ni faida: boti moja linaokoa la pili. Uliza pia kama kuna mtu wa kayaki (kimtumbwi chembamba) anayetangulia.

Jaketi okozi: funga vibano vyote, kisha mwenzako ashike mabega ya jaketi na kuyavuta juu kwa nguvu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa au limelegea. Mtu wa ofisini mwenye kitambi hupenda kulilegeza apate kupumua akiwa amekaa. Akiingia majini linamwacha yeye chini na lenyewe linaelea usoni.

Kafi lina kishikio cha umbo la T juu. Mkono mmoja hautoki hapo kamwe. Watu wanaogopa mawe, kumbe meno mengi yanagongwa na kishikio cha jirani.

Ukianguka: lala chali, miguu mbele kuelekea maji yanakokwenda, vidole vya miguu vionekane juu. Usisimame, hata kama maji yanafika kiunoni. Mguu ukinasa kati ya mawe, maji yanakusukuma uso chini na hayachoki. Subiri mpaka maji yatulie na yawe chini ya goti. Ukijikuta chini ya boti, inua mikono, gusa sakafu yake, tambaa nayo upande mmoja bila kubadili mawazo mpaka utokee.

Kitu pekee kinachobadilisha sheria ya kulala chali ni mti ulioanguka majini. Maji yanapita kwenye matawi, mtu hapiti. Hapo unageuka kifudifudi, unaogelea kuufuata kwa kichwa na kujirusha juu ya shina.

Ukitupiwa kamba, shika kamba yenyewe na si mfuko wake, ipite juu ya bega, ulale chali. Usiizungushe mkononi hata mara moja.

Pete zivuliwe, miwani ifungwe kamba, lenzi za machoni ziachwe. Viatu vya kufunga, siyo kandambili. Mvua ikinyesha usiku juu ya mto, asubuhi mwongozaji akisema "leo hapana", msimbishie.

---

MkaaMezani

Asanteni sana, nimegeuza ratiba. Maswali matatu. Mmoja wetu haoni mbali, anavaa miwani ya -7, na anataka banji. Mwingine ana kilo 118 na anataka kila kitu, ila hapendi kutaja uzito mbele ya watu. Na maji ya mlimani, lita ngapi?

---

NgaziZaNyuma

Wa -7: kwa banji ningesema hapana, angalau mpaka daktari wa macho amkague. Jicho lenye miwani kuanzia -6 limerefuka na retina yake (utando wa nyuma ya jicho) imetanuka, iko rahisi kuchanika, na kule chini kamba inapokaza damu yote inakimbilia kichwani. Hivyo hivyo kwa wenye shinikizo la macho, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, wajawazito na waliofanyiwa upasuaji wa mgongo. Kamba ya mwambani na waya haziinamishi mtu kichwa chini, afurahie huko.

Wa kilo 118: andaa fomu ya afya ambayo kila mtu anaijaza peke yake na kuituma moja kwa moja kwa mwongozaji, isipite mikononi mwa wenzake. Kila kifaa kina kikomo chake, ulizia kabla ya kulipa asije akarudishwa mbele ya kundi. Kudanganya uzito kwenye banji ni hatari halisi: kamba huchaguliwa kwa kilo, na aliyepunguza kilo 15 kwa aibu atashuka chini kuliko ilivyopangwa. Mahali ambapo hawapimi kwa mizani papo hapo, msiruke. Kwenye waya shida ni ya pande zote mbili, mzito anafika kwa kasi na mwepesi sana anaweza kukwama katikati.

Maji: nusu lita kwa saa ni wastani mzuri. Saa 8 ni lita 4, yaani kilo 4, basi bebeni lita 3 kama kuna mahali pa kuaminika pa kujaza. Kuleni vitu vyenye chumvi njiani. Anayekunywa maji matupu mengi mno anaishusha chumvi ya damu, anaumwa kichwa, kichefuchefu, anaanza kuchanganyikiwa, na wenzake wakidhani ni kiu wanamwongezea maji.

Juu kutakuwa na baridi ya nyuzi 7 hivi kuliko mlikoanzia, bila kuhesabu upepo. Koti la upepo kila mtu, hata jua likiwaka asubuhi.

---

Fundi_Kamba

Nimalizie ya kwangu. Kushuka mwamba kwa kamba moja, kila mtu anachukua kama dakika 12 pamoja na kuvishwa na kuvuliwa. Watu 14 ni karibu saa 3. Omba kamba 2, la sivyo wa mwisho watakuwa wamekaa juu wakitazama chini zaidi ya saa 2, na woga unakua kwa kukaa.

Mkanda wa kupandia ukae juu ya mifupa ya nyonga. Ukikaa chini yake, mtu akipinduka anachomoka. Karabina (pete ya chuma inayounganisha mkanda na kamba) iwe ya kufunga kwa skrubu na mtu wa pili aibonyeze kuhakikisha haifunguki. Nywele ndefu, vitambaa vya shingoni na kamba za kofia ziingizwe ndani, kwa sababu kifaa cha breki, kile kinachobana kamba usishuke kwa kasi, kinameza chochote kinachoning'inia, na kukitoa ukiwa umebeba uzito wako ni kazi ya nusu saa. Uliza kama kuna kamba ya pili ya akiba au fundo linalojikaza lenyewe mkono wa breki ukiachia. Kama hakuna, ondokeni.

Kosa la mgeni ni kukumbatia mwamba. Akisimama wima viatu vinateleza na magoti yanagonga jiwe. Aegemee nyuma mpaka ajione amekaa kwenye kiti, miguu ipanuke usawa wa mabega, nyayo nzima iguse ukuta. Hatua 3 za kwanza ndizo ngumu. Wa ofisini mkimwambia "kaa kama uko kwenye kiti chako", anaelewa mara moja.

Banji iwekeni ya mwisho Alhamisi hiyo, kabla ya kula.

---

MajiMeupe

Na bima, MkaaMezani. Soma ukurasa wa vitu visivyolipwa. Nyingi zinaondoa banji, au zinataja daraja la mwisho la mto na mita za mwisho za mlima. Waulize kwa maandishi ukiwatajia hizo namba zako: mita 2,300, daraja la 4, mita 40.