West Side Story: ule wimbo wa Maria mahali pake ni wapi?

Binti Nyawera (Bukavu)
Jamani nisaidieni. West Side Story, filamu ya nyimbo ya 1961, niliitazama na baba tangu utoto, naijua kwa kichwa. Pale Maria anapojiimbia kuwa ni mrembo ("I Feel Pretty"), kwenye duka la mshonaji, tulikuwa tunacheka naye. Juzi umeme umerudi saa nne usiku, nikaweka ile ya Steven Spielberg ya 2021. Humo wimbo uleule unakuja baada ya mapigano ya magenge mawili! Maria anafanya usafi usiku kwenye duka kubwa, anachezacheza kati ya nguo za kuuzwa, na kaka yake Bernardo ameshauawa, tena kwa mkono wa Tony, mpenzi wa Maria, naye hajui. Nilizima sauti, nilishindwa. Spielberg alikuwa na haja gani ya kuuhamisha?

Fundi Solo (Lubumbashi)
Dada, hakuuhamisha, ameurudisha. Mchezo wenyewe ulipoanza jukwaani New York, 1957, sehemu ya kwanza inafungwa na maiti mbili za viongozi wa magenge, Riff na Bernardo, halafu huo wimbo ndio unafungua sehemu ya pili. Walioutanguliza ni Robert Wise na Jerome Robbins, waongozaji wa filamu ya 1961. Na ile sauti uliyoizoea si ya Natalie Wood aliyecheza Maria, ni ya mwimbaji Marni Nixon. Rachel Zegler, Maria wa 2021, anaimba mwenyewe, na inasikika: pumzi ni ya mtu aliyetoka kucheza.

Mama Shukuru (Goma)
Mimi nilishikwa na Kihispania. Spielberg hakuweka maandishi chini. Anita, mpenzi wa Bernardo, anahimiza wenzake nyumbani waseme Kiingereza, lakini wale vijana wa genge la Riff wakishamdhalilisha dukani, anawaambia kwa Kihispania kuwa yeye si Mmarekani, ni wa Puerto Riko. Sijui Kihispania, na nililia. Na yule bibi anayemwokoa ni Rita Moreno, Anita wa 1961 mwenyewe!

Binti Nyawera (Bukavu)
Aksanti sana, yaya Solo, aksanti mama. Leo nimeirudia na baba. Wimbo ulipoanza alikuwa ameshika kikombe cha chai, hakukinywa. Akauliza polepole, "Bado hawajamwambia?" Nikamjibu bado. Tumeutazama mpaka mwisho, sauti ikiwa juu.

Ila ile ngoma ya wimbo "America" juu ya paa, usiku, wanaume wakijibizana na wanawake, ya 1961 bado ndiyo yangu. Ya 2021, barabarani mchana, ni nzuri, lakini baba hakuinuka kitini.