Tupeane uzoefu: kuotesha maua kwa mbegu uani, Dar hii hii, hela hakuna

Mpangaji wa Tabata
Wakuu, poleni na jua. Leo nimepita kwa wauza maua wa barabarani pale Mwenge, mche mmoja wa zinia uliokwisha kuchanua naambiwa elfu tano. Nikakumbuka aibu yangu ya Januari.

Nilinunua pakiti mbili za mbegu Kariakoo, zinia na mengine ya njano sikushika jina. Nikachota udongo wa uani, nikajaza makopo ya rangi, nikamwagia maji kwa beseni kama naosha ngazi. Mbegu zikaelea, zikajikusanya pembeni. Sisimizi wakabeba zao. Miche minne iliyosalimika ikamalizwa asubuhi moja na kuku wa mama mwenye nyumba, mimi niko kwenye daladala. Kumlalamikia, akanijibu: "Kuku anajua kama hilo ni ua?"

Makopo yapo matupu hadi leo. Mnaootesha kwa hela ya mboga, mnafanyaje?

Chumvi Mbagala
Makopo uliyatoboa chini?

Mpangaji wa Tabata
Kutoboa tena?

Chumvi Mbagala
Basi kuku umemsingizia. Ile miche ilikuwa marehemu tayari.

Bibi Makopo
Mleta mada umenitonesha. Kuku ana nafuu, kuku unamfukuza. Mimi nilikutana na konokono.

Ilikuwa masika, Aprili. Kwa ushamba wangu niliona mvua ipo, nitapumzika kumwagilia. Nikaotesha zinia kwenye trei za mayai za karatasi, vijumba sitini, nikazipanga ukutani. Siku ya tano zote zimetoka, vijani viwili viwili. Nilimwita hadi shemeji aje kuona. Ikanyesha siku tatu mfululizo. Usiku wa tatu sikulala, nikatoka na tochi ya simu na mwavuli. Jamani. Konokono wale wakubwa wa kwetu pwani, wengine kama ngumi, wamepanda juu ya trei kama wako harusini. Nilihesabu kumi na saba. Kulipokucha nilikuwa na miche sita, na hiyo sita ikalala chini kwa kinyausi, shina limelainika pale linapokutana na udongo, kwa sababu trei zilikuwa zimelowa chapachapa. Nilikaa kwenye kindoo nikalia, mtu mzima na wajukuu.

Tangu hapo sioteshi masika. Nasubiri Juni, mvua imekatika, kipupwe kimeingia, jua halichomi. Udongo nachanganya: debe la udongo mweusi, nusu debe la mchanga wa mto (si wa baharini!), nusu la samadi iliyooza mpaka hainuki. Kumwagilia natumia chupa ya maji niliyotoboa kizibo kwa sindano ya moto. Juu naegesha kipande cha kuti wiki ya kwanza. Zinia kwa joto letu inatoka siku nne hadi saba, miezi miwili unaona maua.

Na pakiti nanunua mara moja tu. Ua likichoka usilikate, acha kichwa kikauke kiwe kahawia, uvute petali. Mbegu iko mwishoni kama kishale.

Kisima Kirefu
Konokono. Acha tu.

Fundi Mwiko
Wamwagie chumvi.

Bibi Makopo
Ukimwagia chumvi kwenye udongo utamuua konokono na ua lenyewe. Waokote usiku, kwa mkono.

Fundi Mwiko
Basi majivu.

Kisima Kirefu
Majivu yakilowa hayana kazi, na konokono anatoka mvua ikinyesha. Nilisikia kibakuli cha bia kinawanasa.

Fundi Mwiko
Bia nimpe konokono, halafu mimi ninywe nini?

Chumvi Mbagala
Jina langu si la bure. Kisima chetu maji yake ni chumvi, majani yanaungua kingo kama yamepitishwa kwenye moto. Sasa nabeba dumu la lita tano kutoka kazini Posta, yale yanayodondoka kwenye kiyoyozi. Kondakta ananiuliza kila siku kama ni ya upako. Na msikimbilie mbolea ya kuku, ikiwa mbichi inaunguza mizizi.

Kuku wa Kienyeji
Mimi naweka mbichi na yanachanua.

Chumvi Mbagala
Yanachanua au yanakuaga?

Mke wa Fundi
Samahani nikitoka nje ya mada. Mimi maua yalinionyesha mengine.

Marehemu mama aliniachia mbegu nyeusi, zina makunyanzi kama pilipili manga. Ni yale maua yanayofunguka alasiri na kunukia jioni. Yangu yana madoa, njano na waridi kwenye ua moja. Unaziloweka usiku mmoja, unachomeka popote, zinaota. Akiba nilikuwa naitunza kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Mwaka juzi nikaona zimepungua, nikalaumu panya.

Baadaye nikapeleka kadi ya kicheni pati Kigamboni. Nimeshuka kwenye pantoni, nikapanda bajaji, kufika naelekezwa nyumba ya jirani. Barazani ukingo mzima, madoa yale yale. Dada wa watu mchangamfu, nikamsifia. Akasema, "Kaniletea mbegu baba watoto, kazifunga kwenye karatasi ya chapati."

Nikamuuliza baba watoto anafanya kazi gani.

Nilirudi na pantoni bila kuona bahari.

Kisima Kirefu
Pole dada. Kazi gani?

Mke wa Fundi
Friji. Tandika.

Fundi Mwiko
Mungu wangu.

Mwalimu wa Baiolojia
Pole, ila kwa haki, ua si ushahidi. Kumbukeni kidato cha nne: ua hilo hilo, jekundu likichavushwa na jeupe linatoa waridi, na waridi kwa waridi linatoa jekundu moja, waridi mawili, jeupe moja. Ya madoa ndiyo hayatabiriki kabisa, mche mmoja tawi hili madoa, tawi lile njano tupu. Kufanana kwake kunaweza kuwa bahati.

Bibi Makopo
Mwalimu, na karatasi ya chapati nayo inarithiwa?

Kuku wa Kienyeji
Mwalimu anamtetea mtu.

Mwalimu wa Baiolojia
Simtetei mtu, naitetea sayansi. Na mbegu zake ni sumu, wenye watoto wadogo waziweke juu.

Fundi Mwiko
Zilikuwa juu ya kabati, na bado alizifikia.

Mpangaji wa Tabata
Jamani, makopo yangu.

Bibi Makopo
Toboa matundu matano chini, weka kokoto kidogo, ninginiza kwenye msumari kuku asifike. Subiri Juni.

Mpangaji wa Tabata
Asante bibi. Dada Mke wa Fundi, pole sana. Hizo za madoa zilibaki hata kidogo?

Mke wa Fundi
Zipo. Kabla sijaondoka Kigamboni nilizichuma zote nikajaza mkoba. Njoo na kopo lililotobolewa.